Hasira za Binti Anayebaleghe Zinatoka Wapi?

Haupiti muhula bila ya mama mmoja au wawili kunifuata skulini, wakanivuta pembeni na kunieleza kwamba mtoto wao wa kike amebadilika. Maelezo yao hayatofautiani sana. Mtoto ambaye akiitwa alikuwa akiitika "labeka" na kuja mbio, sasa hujibu "nini?" kutoka chumbani, na mlango ameubana. Akikatazwa jambo dogo huzira chakula. Asubuhi huamka amenuna, jioni hucheka na wenzake mpaka machozi yakamtoka, na usiku hulia bila ya kusema sababu. Zamani jawabu la haraka lilikuwa ni kijicho au shetani, na wapo mpaka leo wanaoanzia huko, lakini kwa vile elimu imeenea na simu zimejaa maelezo ya afya, jawabu linalosikika zaidi siku hizi hapa Wete, Pemba, ni kwamba "hizo ni homoni tu, zitapita." Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na homoni ni katika mada ninazozifundisha kwa mapenzi makubwa. Hata hivyo jawabu hilo hunitia wasiwasi kila ninapolisikia, kwa sababu aghlabu hutolewa ili mazungumzo yaishe, na mtoto hakuulizwa chochote.

Homoni si uzushi, na ni haki zielezwe vizuri. Baleghe huanzia kichwani. Katika sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi, seli fulani huanza kutoa kichocheo kwa vipindi, mwanzoni wakati wa usingizi wa usiku tu, na kichocheo hicho huiamrisha tezi ndogo ya pituitari, iliyopo chini ya ubongo, kutoa homoni mbili zinazosafiri katika damu mpaka kwenye ovari. Ovari nazo huitikia kwa kutengeneza estrojeni, na baadaye, mayai yanapoanza kupevuka na kutoka, projesteroni. Kabla ya hayo yote, baina ya umri wa miaka 6 na 8 hivi, tezi zilizo juu ya mafigo huwa zimeshaanza kutoa homoni zao wenyewe, na hizo zina mkono katika harufu ya kikwapa, chunusi na nywele za mwanzo za sehemu za siri. Testosteroni, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya wanaume peke yao, hupanda kwa wasichana pia, ingawa kwa kiasi kidogo. Kazi ya homoni hizi haiishii kifuani na kiunoni. Ubongo wenyewe una vipokezi vya estrojeni na projesteroni, vikiwemo katika sehemu zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu, kwa hivyo si ajabu kwamba hisia za mtoto nazo hutikisika katika miaka hii.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni mpangilio wa wakati. Kwetu binti huhesabiwa kuwa amekua siku anapoiona damu, na hapo ndipo bibi yake au somo wake anapoitwa kumkalisha na kumfunza namna ya kujitunza, kujitoharisha na kuhesabu siku zake. Lakini damu huja karibu na mwisho wa safari. Kwa wasichana wengi matiti huanza kuchomoza baina ya miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza kwa kawaida hufuata baada ya miaka miwili au zaidi kidogo. Daktari Mwingereza James Tanner, ambaye mwaka 1969 pamoja na mwenzake William Marshall alichapisha maelezo ya hatua 5 za baleghe ya wasichana, alionesha kwamba wengi wao huiona hedhi ya kwanza wakiwa katika hatua ya 4. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la tano, ambaye kila mtu anamwona bado kigori, huenda ana mwaka mzima na zaidi homoni zikimpanda na hali yake ya moyo ikibadilika, na hakuna mtu mzima aliyemwambia neno. Mafunzo ya somo mimi nayathamini sana na sitaki yapotee. Ninachotamani ni kwamba yaanze mapema zaidi, angalau kwa mazungumzo madogo madogo, pale mama anapoona matiti yameanza.

Hata baada ya damu kuanza, watoto hawa hupimwa kwa kipimo kisichokuwa chao. Watu wamesikia kwamba mwanamke hubadilika siku chache kabla ya hedhi, wakamhukumu msichana wa miaka 13 hivyo hivyo. Katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, mizunguko mingi hupita bila ya yai kutoka, na yai lisipotoka projesteroni haipandi kama inavyopanda kwa mtu mzima. Mzunguko wenyewe huweza kuwa na siku 21 au ukafika siku 45, mwezi huu hivi na mwezi ujao vile. Kwa hivyo kusema "yuko karibu na siku zake" kila anapokasirika ni kubahatisha, naye mwenyewe anajua kuwa anabahatishiwa, na hilo humuudhi zaidi.

Wataalamu wamelichunguza suala la homoni na hisia kwa muda mrefu, na majibu yao hayaelemei upande mmoja. Adrian Angold, Jane Costello na Carol Worthman walichapisha mwaka 1998 matokeo ya uchunguzi wao katika jimbo la North Carolina, Marekani, wakaonesha kwamba sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa wasichana huongezeka wanapofika hatua ya kati ya baleghe, na kwamba hatua hiyo ina uzito kuliko idadi ya miaka. Mwaka uliofuata walionesha kuwa ongezeko hilo lilifungamana na viwango vya estrojeni na testosteroni kuliko mabadiliko ya umbo yanayoonekana kwa nje. Kabla ya baleghe, wavulana na wasichana hawapishani sana kwa sonona. Baada yake, wasichana hufika karibu mara 2 ya wavulana. Anayedai kwamba homoni hazina kazi yoyote katika jambo hili atapata tabu kuyaeleza hayo.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1989, Jeanne Brooks-Gunn na Michelle Warren waliwachunguza wasichana wa miaka 10 hadi 14, wakapima homoni zao na kuwauliza juu ya maisha yao, na wakakuta kwamba mambo mazito yaliyowafika nyumbani, skulini na kwa marafiki yalieleza huzuni na hasira zao kuliko homoni zilivyoeleza. Na upo uchunguzi mwengine ambao mimi huurejea kila mara, ingawa ulifanywa kwa wanawake wazima: mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake wa Marekani waliwapa wanawake dawa ya kusimamisha kazi ya ovari, kisha wakawarudishia estrojeni na projesteroni kwa viwango vya kawaida. Wale waliokuwa na mazoea ya kuvurugikiwa kabla ya hedhi walivurugikiwa tena, na wale wasiokuwa na mazoea hayo, kwa homoni zile zile, hawakuona tofauti. Kumbe kiasi cha homoni peke yake hakitoshi kutabiri. Kila mwili una namna yake ya kuzipokea. Mama anayesema "mbona mimi nilivunja ungo na sikumjibu mtu" anaupima mwili wa mwanawe kwa mwili wake, na hata ndugu wa tumbo moja hawafanani katika hili.

Mimi huwaambia wazazi kwamba homoni ni moto uliochochewa chini ya chungu: hufanya kichemke upesi, lakini kilichomo chunguni kilitiwa na watu. Na kwa watoto wetu, kilichomo ni kingi.

Tazama yanayomfika binti wa Pemba katika mwaka ule ule ambao mwili wake unabadilika. Mwaka jana alikuwa akicheza nage uwanjani mpaka inakaribia magharibi. Mwaka huu anaambiwa kuwa yeye sasa ni mkubwa, asizurure, ajistiri, atulie ndani, na katika hayo yapo yenye msingi wa dini yetu ambayo siyabishanii hata kidogo. Wakati huo huo kazi za nyumbani humzidi: vyombo, nazi za kukuna, mdogo wake wa kubebwa, huku kaka yake aliyemzidi mwaka mmoja anakwenda mpirani. Sala imemlazimu na funga imemlazimu. Kisha akiwa hedhini hasali wala hafungi, na nyumba nzima inaona. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniambia kwamba kinachomkera kuliko maumivu ya tumbo ni kaka yake, ambaye kila magharibi humuuliza mbele ya baba, "Mbona wewe leo husali?" Hana jawabu la kutoa mbele ya wanaume, basi hupiga mlango na kwenda kujilaza. Baba anaona jeuri, mama anaona aibu, na kaka mtu anaona kuwa ameshinda. Ramadhani mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu binti aliyeruhusiwa na sheria kula mchana hushinda na njaa, au hula tonge mbili nyuma ya mlango wa jiko, akichelea kuonekana. Hasira ya namna hiyo ina chanzo kinachoonekana kwa macho, na baba anaweza kukiondoa siku hiyo hiyo kwa kumwita mwanawe wa kiume kando na kumkataza asimuulize tena dada yake.

Usingizi nao hauna budi kutajwa. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, katika miaka ya baleghe huanza kupanda kwa kuchelewa, pengine kwa saa moja au mbili kuliko ilivyokuwa utotoni, kwa hivyo kijana anayesema hana usingizi saa tatu za usiku huenda anasema kweli. Mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Binti anayepata usingizi saa sita za usiku, akaamshwa saa kumi na moja za alfajiri kwa sala, akateka maji, akaenda skuli zamu ya asubuhi na alasiri akawa chuoni kusoma Kurani, amelala saa 5. Upungufu huo ukirudiwa siku kwa siku humfanya mtu yeyote kuwa mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kulia. Alfajiri haiondoshwi. Kinachoweza kupunguzwa ni simu ya usiku na kazi zinazosubiri mpaka baada ya isha, na baina ya skuli na chuo anaweza kuachiwa alale kidogo.

Maumivu na upungufu wa damu ni mlango mwengine ambao hisia hupitia, na kwa kisiwa chetu mimi ningeuweka mbele ya mengi. Msimu wa karafuu uliopita nilikwenda kwa jamaa zangu upande wa Konde. Usiku watu walikaa ukumbini kuzunguka jamvi wakichambua karafuu na kutenga makonyo, na miongoni mwao alikuwemo binti wa miaka 14 aliyejikunja pembeni, akichambua kwa mkono mmoja na mwengine ameukandamiza tumboni. Kila aliyemsemesha alijibiwa kwa mkato. Shangazi yake akasema kwamba siku hizi mtoto huyu ana kisirani kisichosemeka. Nilimwita jikoni, nikamuuliza taratibu, na ikawa yuko katika siku ya pili ya hedhi, hajala tokea mchana, na hakumeza dawa kwa sababu ameambiwa kuwa dawa za tumbo la hedhi huharibu kizazi.

Hilo la kizazi limeenea sana, na si kweli. Maumivu yale hutokana na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazotengenezwa na utando wa mfuko wa uzazi na kuibana misuli yake. Ibuprofeni huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, na ikimezwa baada ya kula, kwa kipimo kilichoelekezwa, kwa siku mbili tatu za maumivu, haimfanyi mtu kuwa tasa. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au pumu amuulize daktari kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga na kuwekwa chini ya kitovu nayo husaidia. Ama damu, Pemba ni mahali ambapo minyoo na upungufu wa damu vimechunguzwa kwa miaka mingi. Tuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyoanza kazi mwaka 2000. Msichana ambaye hemoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa desilita huchoka upesi, hashiki anachosomeshwa, hupumua kwa tabu akipanda kilima, na huwa mkali bila ya yeye mwenyewe kujua kwa nini. Kipimo hicho hufanywa kwa tone la damu. Hedhi inayozidi siku 7, au inayomlazimu kubadilisha kitambaa kila saa moja au mbili, ipelekwe hospitali. Na chai ya rangi tuliyoizoea pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini ya chuma. Ni bora inywewe baadaye, na kwenye dagaa au mchicha ikamuliwe ndimu.

Juu ya marafiki nitasema kidogo tu, kwa kuwa kila mzazi mwenye simu nyumbani analiona. Mwaka 2010 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, London, walichapisha uchunguzi ambao ndani yake wasichana na wanawake wazima walicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, kisha wachezaji wengine, ambao kwa kweli walikuwa ni programu, wakaacha kuwarushia. Hali ya moyo ya wasichana ilishuka kuliko ya wanawake wazima. Kwa hivyo binti aliyetolewa kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake, au aliyejua kwamba wenzake wote wameshonewa sare ya harusi isipokuwa yeye, hajifanyi. Kwake yeye ni msiba, na kumwambia "mambo ya kitoto hayo" humfunza kutokuja tena kusema.

Na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo hasa. Binti anaweza kubadilika ghafla kwa sababu kuna mtu anamdhuru. Akaacha kula, akachukia kwenda nyumba fulani aliyokuwa akiipenda, akakataa kubakishwa na mtu fulani, akaoga mara nyingi, akashtuka akiguswa, alama zake zikaporomoka: hayo yote huweza kusomwa kuwa ni homoni, na anayemdhuru ndiye wa mwanzo kufurahi yakisomwa hivyo. Walio katika hatari zaidi ni wale ambao mwili wao umewatangulia wenzao, kwani msichana wa miaka 10 mwenye umbo la miaka 15 hutazamwa na watu wazima kama mkubwa, huku akili na ujasiri wake ni vya miaka 10. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba waliotangulia kubaleghe hupatwa zaidi na sonona na matatizo ya tabia. Matiti yakianza kabla ya miaka 8, daktari amwone. Na mtoto akikueleza kuwa ameguswa, msikilize mpaka amalize, usimpe lawama, usimwite mtuhumiwa kuja kupatanishwa kifamilia, na umpeleke kwenye kituo cha mkono kwa mkono, kama kile cha hospitali ya Chake Chake au cha Mnazi Mmoja kwa walio Unguja, ambako hupata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja.

Ninachowaomba akina mama wafanye ni kuandika. Daftari dogo la skuli linatosha: siku ya hedhi kuanza na kwisha, saa alizolala, alichokula, maumivu, na tukio lililotangulia kilio au hasira. Binti aliandike mwenyewe ikiwezekana, na mama asilisome bila ya ruhusa. Baada ya miezi miwili au mitatu mara nyingi huonekana kitu ambacho kichwa hakikukishika, kwa mfano kwamba siku zote mbaya ni siku za mtihani wa hesabu, au ni siku baba anaporudi safari, au kweli ni juma moja kabla ya hedhi na huondoka damu ikianza. Ikiwa ni hilo la mwisho na linamzuia kusoma na kuishi na watu, lipo jina lake kitabibu na ipo tiba yake, na halihitaji kuvumiliwa.

Huzuni ikikaa kila siku kwa wiki 2, akapoteza hamu ya aliyokuwa akiyapenda, akaanza kujikata, au akasema maneno ya kufa hata kwa mzaha, asisubiriwe. Wengi huogopa kwa sababu huduma ya maradhi ya akili Unguja imefungamana na jina la hospitali ya Kidongo Chekundu, na jina hilo limetumika kutukania watu kwa miaka mingi. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza na kumpeleka mbele panapohitajika. Daktari atataka kujua mabadiliko yalianza lini, analala saa ngapi, hedhi yake ikoje, nani anaishi naye nyumbani, na kama kuna mtu anayemwogopa. Mama achukue lile daftari kama binti ameridhia, na akishaeleza ya kwake atoke nje, ili mtoto apate dakika za kuzungumza na daktari peke yake.